Ajali Ipi Isiyo na Kinga?

Katika Kiswahili cha leo neno ajali hutaja tukio lenye madhara ambalo halikutazamiwa wala kukusudiwa na yeyote, na mtu akifa kwa gari kupinduka, kwa chombo kuzama au kwa ukuta kuporomoka, husemwa kuwa amekufa kwa ajali, yaani mauti yamemfika nje ya njia iliyozoeleka ya ugonjwa na uzee. Asili ya neno lenyewe, hata hivyo, imekaa upande wa pili kabisa wa maana hiyo. Ajal katika Kiarabu ni muda uliowekwa, siku iliyotajwa ambayo jambo halina budi kufika kikomo, na likitumiwa kwa uhai wa mwanadamu huwa ni ile saa ya kufa iliyokadiriwa na Mwenyezi Mungu, isiyosogezwa mbele wala kurudishwa nyuma. Hivyo neno ambalo kwa wanazuoni wa akida, yaani elimu ya misingi ya imani, lilikuwa jina la jambo lisiloweza kutokea kwa bahati tu, limekuja kuwa kwa Waswahili jina la jambo linalotokea kwa bahati tu. Mageuzi ya maana ni kawaida ya lugha zote, lakini haya yana uzito wa pekee, kwa sababu maana ya zamani haikufa. Imebaki chini ya maana mpya kama maji chini ya mchanga, na mara nyingi msemaji hujikuta anachota kutoka huku akidhani anachota kutoka kule.

Inafaa kuanza na deni, kwa kuwa ndiko neno lilikozoeleka kabla ya kufika makaburini. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, iliyomo katika sura ya pili, inawafundisha waumini namna ya kuandikiana wanapokopeshana hadi muda maalumu, na muda huo unaitwa kwa neno hilihili. Makadhi wa pwani wanalijua pia katika ndoa, kwa kuwa mahari isiyotolewa papo hapo bali kuahirishwa hadi wakati mwingine huitwa muajjal, neno lililotoka katika mzizi uleule. Kwa mtazamo huo uhai ni kitu kilichokopeshwa, na kifo ni siku ya kulipa iliyokwisha kuandikwa katika hati ambayo mdaiwa hakuonyeshwa. Kiswahili chenyewe, kikitumia neno jingine la Kiarabu, kimeihifadhi picha hiyo kwa uaminifu mkubwa, maana mzee akifariki watu husema ahadi yake imetimia, kana kwamba palikuwa na mkataba.

Maana hiyo ya kale iliingia Kiswahili pamoja na neno. Kamusi za zamani, kama ile ya A. C. Madan iliyotoka mwaka 1903, bado zinalieleza ajali kwa kudra na saa ya kufa, na hata sasa wazee wa mwambao hawashangai kusikia kuwa fulani ajali yake imefika, ingawa amekufa kitandani kwa maradhi ya mwezi mzima. Njia ambayo neno lilipitia hadi kufika kwenye maana ya leo si ngumu kuifuata. Kwanza jina la saa lilihamia kwenye sababu inayoileta saa, hasa sababu ya ghafla, kwa kuwa kifo cha ghafla ndicho kinachomkumbusha mtu kwa ukali kwamba kulikuwa na saa asiyoijua. Kisha jina la sababu likaachana na kifo na kubaki na madhara peke yake, na karne ya magari moshi, malori na mabasi ikalipa kazi nyingi. Leo dereva husema amepata ajali ndogo, kioo kimevunjika na mlango umebonyea, na hakuna anayesikia kichekesho kilichojificha humo, kwamba katika maana ya kwanza amesema amepatwa na saa ndogo ya kufa. Vivyo hivyo bima ya ajali, ikisomwa kwa macho ya wanazuoni wa kale, ingekuwa bima dhidi ya siku iliyoandikwa, biashara ambayo hakuna mwenye akili angeifungulia ofisi. Hata waziri aliyelazimika kujiuzulu husemwa kuwa amepata ajali ya kisiasa, na hapo neno limesafiri mbali mno na kaburi, ingawa limebeba bado ule wepesi wa kumwondolea mtu lawama.

Wepesi huo ndio kiini cha suala, na unaonekana vizuri zaidi katika methali inayojulikana kuliko zote zenye neno hili, isemayo kuwa ajali haina kinga. Methali hiyo hutamkwa katika vituo vya mabasi, misibani na katika mahojiano ya redio, na kila mara huchukuliwa kumaanisha kwamba migongano ya magari, kuzama kwa vyombo na moto wa nyumba ni mambo yasiyozuilika. Ikisomwa hivyo, methali ni uongo mtupu, kwa kuwa breki ni kinga, jaketi la kuokolea ni kinga, na idadi ya abiria iliyoandikwa ubavuni mwa chombo ni kinga iliyopigwa rangi ili asiyejua apate kujua. Ikisomwa kwa maana ya zamani, ni kauli ya imani isiyokuwa na kasoro: saa ya kufa haina kinga, na hakuna Mwislamu, wala Mkristo, wala mtu mwingine yeyote aliyeona makaburi, ambaye angeibisha. Methali haikubadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni neno lililomo ndani yake, na kwa mabadiliko hayo ukweli wa dini umegeuka kuwa kisingizio cha dunia bila ya mtu yeyote kukaa na kukitunga.

Lingekuwa kosa kudhani kwamba dini yenyewe ndiyo iliyofungua mlango huo, kwa maana wanazuoni wa Kiislamu walilishughulikia suala hili zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na kwa ukali ambao unawashinda wengi wa wanaolizungumza leo. Walilileta katika sura ya swali moja: je, mtu aliyeuawa amekufa kwa ajali yake, yaani kwa muda wake uliokadiriwa, au muuaji ameukata muda huo? Mu'tazila, kundi la wanafikra waliotetea uhuru wa mwanadamu na uadilifu wa Mungu, wenyewe kwa wenyewe hawakuafikiana. Abu al-Hudhayl wa Basra, katika karne ya 9, alishikilia kwamba aliyeuawa, hata asingeuawa, angekufa saa ileile kwa njia nyingine. Wenzake wa Baghdad waliikataa rai hiyo na kusema kwamba angeendelea kuishi, huku wengine wa baadaye wakisema kwamba jambo hilo halijulikani, huenda angeishi na huenda angekufa.

Hoja moja iliyotolewa dhidi ya Abu al-Hudhayl inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ina harufu ya zizi na soko, si ya maktaba. Tuseme mtu amechinja kondoo wa mwenzake bila idhini. Ikiwa kondoo huyo angekufa saa ileile kwa vyovyote vile, basi mchinjaji hakumdhulumu mwenye mali bali amemtendea hisani, kwa kuwa nyama iliyochinjwa huliwa na huuzwa, ilhali mnyama aliyejifia ni mzoga ambao ni haramu kuula. Mwenye kondoo angepaswa kumshukuru mwizi. Upuuzi wa tokeo hilo ulitosha, kwa maoni ya watoa hoja, kuonyesha upuuzi wa msingi wake. Kwa hakika hoja hiyo inawahusu pia wenye mabasi wa zama hizi, maana yeyote anayesema kwamba abiria wangekufa siku ile kwa vyovyote anajiweka katika nafasi ya yule mchinjaji anayedai asante.

Jibu la madhehebu yaliyotawala katika Uislamu wa Kisunni, ambayo ndiyo akida ya Mashafii wengi wa Lamu, Mombasa na Unguja, lilikuwa kwamba aliyeuawa amekufa kwa ajali yake. Wafuasi wa Abu al-Hasan al-Ash'ari, aliyefariki mwaka 324 wa Hijra, walilishika hilo, na akida mashuhuri ya al-Nasafi, mwanazuoni wa Asia ya Kati aliyefariki mwaka 1142 wa Miladia, inalitaja waziwazi. Msomaji wa haraka angedhani kwamba kwa jibu hilo muuaji ameachiliwa, lakini wenye kulitoa hawakumwachilia hata kidogo. Walitenganisha mambo mawili. Kufa, yaani roho kutoka, ni tendo la Mungu, nalo limekuja katika saa yake. Kuua, yaani kuchomeka kisu au kuvuta upinde, ni jambo ambalo mja amelichuma. Neno lao la kiufundi ni kasb, kuchuma, kwa maana kwamba Mungu ndiye muumba wa tendo lakini mja ndiye anayelipata na kulibeba, kama mtu anavyobeba mazao aliyoyachuma. Kisasi, diya, yaani malipo ya damu, na adhabu ya akhera havifungamani na swali la kama marehemu angeishi zaidi. Vinafungamana na alichokichuma mtendaji. Nadharia ya kasb ina ugumu wake, na wapinzani wake hawakukosa la kusema, lakini angalau imefanya kazi moja kwa usafi: imemzuia mtu kuitumia saa ya marehemu kama ushahidi wa kujitetea.

Jambo hilohilo liliwahi kusemwa kwa lugha nyepesi zaidi, kabla ya wanazuoni hao kuzaliwa. Khalifa Umar bin al-Khattab alipokuwa njiani kuelekea Sham, alipata habari kwamba tauni imeingia huko, ile inayojulikana kwa jina la tauni ya Amwas, akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubayda, amiri wa majeshi ya Sham, alimuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar alikubali kuwa anaikimbia, ila akaongeza kwamba anaikimbilia kadari nyingine ya Mungu huyohuyo, kisha akampigia mfano wa mchungaji mwenye ngamia aliyeteremka katika bonde lenye pande mbili, mmoja wenye malisho na mwingine mkavu: atakapowalisha ngamia wake ni kwa kadari ya Mungu, iwe huku au huku, lakini hakuna mchungaji anayewapeleka kwenye ukavu kwa hoja ya kadari. Mfano huo hauhitaji maelezo kwa mtu yeyote aliyechunga wanyama. Kadari haiko upande mmoja tu wa bonde, na mwenye kuwaona ngamia wanakonda hawezi kusema kuwa upande mkavu ndio ulioandikwa.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara katika Ziwa Viktoria, kikiwa kimekaribia kutia nanga. Uwezo wake uliotajwa ulikuwa abiria 101. Waliokufa walizidi 220. Hesabu hiyo haihitaji tume wala mtaalamu wa bahari, kwa kuwa maiti peke yake, bila ya kuwahesabu walionusurika, walikuwa zaidi ya mara mbili ya watu ambao chombo kilitakiwa kubeba. Miaka mingi kabla yake, tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe huko Mombasa ilizama hatua chache kutoka ufukoni ikiwa imejaa kupita kiasi, na watu 272 wakafa. Matukio yote mawili yameingia katika historia kwa jina la ajali, ajali ya MV Nyerere na ajali ya Mtongwe, na jina hilo si kosa la msamiati, maana hakuna ushahidi kwamba kuna mtu aliyetaka watu wafe. Ila jina limefunika tofauti muhimu. Kupinduka kwa chombo siku ile hakukukusudiwa. Kujazwa kwa chombo kulikusudiwa, kulifanywa mchana, mbele ya macho, pengine kwa nauli.

Siku mbili baada ya MV Nyerere kupinduka, waokoaji walimtoa mtu mmoja akiwa hai, fundi wa chombo hicho, aliyekuwa amejihifadhi ndani katika sehemu iliyobaki na hewa. Kiswahili kinaruhusu kuhusu mtu huyo sentensi ambayo ni vigumu kuipata katika lugha nyingine, kwamba alinusurika katika ajali kwa kuwa ajali yake ilikuwa haijafika. Neno ni lilelile mara mbili, na hakuna msemaji anayejikwaa. Ajali ya kwanza ni tukio, lina mahali na tarehe, lina sababu zinazochunguzika, na linaweza kuzuiwa lisitokee tena. Ajali ya pili ni saa, haina mahali, haichunguziki, na hakuna kivuko kitakachojengwa kiizuie. Ya pili ndiyo isiyo na kinga. Anayeichukua sifa ya ile ya pili na kuivika ile ya kwanza anafanya kosa ambalo katika mantiki lina jina, kutumia neno moja kwa maana mbili ndani ya hoja moja, lakini ambalo nje ya mantiki linagharimu maisha.

Maneno jirani ya ajali yanastahili nayo kupitiwa, maana hayakukaa kimya. Msiba ni kutoka musiba ya Kiarabu, kitu kinachopata shabaha, kama mshale unavyompata mnyama. Khata, ambalo ndilo jina la kisheria la kuua bila kukusudia, linatokana na mzizi wa kukosa shabaha, mshale kupita kando. Na kutoka katika mzizi huohuo wa kukosa shabaha Kiswahili kimepata neno hatia, ambalo leo ndilo neno la kuwa na kosa mbele ya hakimu. Hapo lugha imefanya kubadilishana kwa ajabu: neno la jambo lililopangwa limekuwa la jambo lisilopangwa, na ndugu wa neno la jambo lisilokusudiwa amekuwa neno la lawama kamili. Wala si Kiarabu peke yake. Kosa, neno la Kibantu lisilodaiwa na mgeni yeyote, lina picha ileile, kwa kuwa mtoto anayemrushia ndege jiwe na jiwe likapita kando husemwa amemkosa, na mtu aliyevunja sheria husemwa amekosa. Yaelekea wanadamu wa pande mbalimbali, wakitafuta namna ya kuutaja ubaya, walianza kwa kumtazama mwindaji asiyelenga vizuri.

Mwindaji huyo ndiye hasa mfano wa vitabu vya fikihi. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo al-Nawawi aliyafupisha katika Minhaj, kitabu kilichotegemewa na makadhi wengi wa pwani, kuua kumegawanywa sehemu tatu: kwa makusudi, kwa kinachofanana na makusudi, na kwa khata. Khata ni mtu kulenga swala akampiga binadamu, au kumwangukia mwenziwe na mwenziwe akafa. Mfano wa pili mtu wa mwambao anaweza kuuona bila kufungua kitabu. Mkwezi amepanda mnazi kwa vidato, yaani vile vipande vilivyochongwa katika shina kwa ajili ya kukanyaga, mvua imenyesha usiku na kidato kimoja kimeoza ukingoni. Mguu unateleza, mkwezi anaanguka juu ya mtu aliyelala kivulini, na aliyelala ndiye anayekufa. Hakuna makusudi hapo. Lakini ikiwa mkwezi alikijua kidato kile kuwa kibovu tangu wiki iliyopita, au ikiwa hakuanguka yeye bali aliangua madafu bila ya kupiga ukelele wa kuwaonya waliokuwa chini, neno khata linaanza kubana, na wanasheria wa Kiislamu walijua kwamba linabana. Ndiyo maana sababu inayotajwa ya kumtoza kafara mtu asiyekusudia ni upungufu wake wa tahadhari.

Sheria za serikali za Tanzania na Kenya zina mgawanyiko unaofanana na huo, lakini Kiswahili cha mahakamani kimeuvuruga kidogo. Kosa la jinai linaloitwa kuua bila kukusudia si kila kuua ambako hakukukusudiwa. Ni kuua kulikosababishwa na tendo lisilo halali au na uzembe wa kiwango cha kuadhibiwa, ilhali tukio lililotokea kwa ajali ya kweli halina jinai ndani yake. Mwananchi anayesikia jina la kosa hilo hushangaa ni vipi mtu anaweza kufungwa kwa jambo ambalo jina lake lenyewe linatangaza kuwa hakulikusudia. Jina kama kuua kwa uzembe lingesema kweli zaidi katika mashauri mengi, ingawa halingefaa yote.

Upo upande mwingine ambao hautaki kusikia habari ya ajali kabisa. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki na ya Kati kifo cha ghafla huulizwa swali moja kabla ya mengine, kama kuna mkono wa mtu ndani yake, yaani uchawi au husuda, na ndiyo maana Kiswahili kina usemi wa kifo cha Mungu kwa yule aliyekufa kwa namna isiyoshukiwa, kana kwamba vifo vingine vina mwenyewe. Edward Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha mwaka 1937 juu ya Wazande, watu wanaokaa Sudan Kusini na kaskazini mashariki ya Kongo, alieleza namna wanavyoongea juu ya ghala la nafaka lililowaangukia watu waliokaa kivulini mwake. Mzande anajua kwamba mchwa wamezila nguzo, wala habishi. Anachouliza ni kwa nini ghala limeanguka saa ileile ambayo watu wale, na si wengine, walikuwa chini yake, na kwa swali hilo mchwa hawana jibu. Ajabu ni kwamba swali hilo la Mzande na lile la mwanazuoni wa Basra ni swali moja, la kukutana kwa saa na mtu. Mmoja amelijibu kwa kadari, mwingine kwa uchawi. Na mtu wa sayansi ambaye analiona kuwa si swali, bali ni njia mbili za matukio zilizokatana, hana budi kukiri kwamba mfiwa hajawahi kuridhika na jibu lake. Hata hivyo kati ya majibu hayo lile la mkono wa mtu ndilo lenye hatari kubwa zaidi, kwa kuwa linatafuta mtenda pale asipokuwapo, na mara nyingi limemkuta bibi kizee. Katika Injili ya Luka, Yesu anatajiwa habari mbaya za siku zile, naye anawakumbusha wasikilizaji watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara huko Siloamu, akikanusha kwamba walikuwa waovu kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Kwa kauli hiyo amekata njia ya kumlaumu marehemu. Kuhusu mwashi wa mnara, Injili haikusema neno.

Mwashi ndiye anayesahaulika pia katika sarufi. Kiswahili husema mtu amepata ajali, kwa kitenzi kilekile cha kupata mshahara na kupata mtoto, na mwenye kupata ndiye anayeshika nafasi ya mtenda katika sentensi, hata kama alikuwa amelala kiti cha nyuma. Ajali nayo hutokea, na kitenzi cha kutokea hakidai mtenda. Ni lazima msemaji ajitaabishe, atafute kauli ya kusababisha, ndipo jina la mtu mwingine lipate nafasi, na katika taarifa nyingi za magazeti gari ndilo lililoacha njia, breki ndizo zilizokataa, na mwendo kasi umekaa peke yake kama hali ya hewa.

Hayo hayana maana kwamba misamiati ya kudra iondolewe katika msiba. Matangani, jamvi limetandikwa, jamaa wanaingia mmoja mmoja na kutoa pole, na huko Bara mtu atasema kuwa kazi ya Mungu haina makosa, wakati kwenye nyumba ya Kiislamu watakumbushana kwamba sote ni wa Mungu na kwake tutarejea. Mama aliyefiwa anaposema kwamba ajali ya mwanawe imefika, ameitumia maana ya kwanza ya neno kwa usahihi ambao mwanaisimu hawezi kuuongezea kitu. Amesema habari ya saa, hakusema habari ya tairi. Anayo haki ya maneno hayo kwa kuwa yeye ndiye mwenye hasara, na maneno yanamsaidia kuibeba. Maneno hayohayo yakitoka kinywani mwa mwenye basi, hata kama ni sahihi kwa akida, yamefika mahali pasipo pake, kwa sababu saa ya marehemu haikuwa amana yake bali tairi ndiyo iliyokuwa. Wanazuoni wa zamani walitambua kwamba subira na ridhaa ni wajibu wa aliyefikwa na jambo, na kwamba mtenda ana wajibu mwingine, ambao ni toba na malipo. Aliyechukua wajibu wa mwenzake ameacha wake.

Wajibu huo wa pili ni mzito hata kwa asiye na hatia. Torati, katika kitabu cha Kumbukumbu, inamtaja mtu aliyekwenda msituni na mwenzake kukata kuni, shoka likachomoka katika mpini na kumuua mwenzake, na inamruhusu kukimbilia mmoja wa miji ya makimbilio asije akauawa na mlipiza kisasi; lakini kitabu cha Hesabu kinaongeza kwamba akishafika huko hawezi kurudi kwao mpaka kuhani mkuu afe. Ameokolewa, na papo hapo amehamishwa. Kurani, katika sura ya An-Nisaa, inamtaka aliyemuua muumini kwa khata atoe diya kwa jamaa za marehemu na kumwacha huru mtumwa muumini, na asiyepata mtumwa afunge miezi miwili mfululizo. Diya yenyewe, ngamia mia moja kwa kipimo cha fikihi, haimwangukii peke yake, kwa kuwa katika khata hulipwa na jamaa zake wa kiume wa upande wa baba kwa muda wa miaka mitatu, kana kwamba ukoo mzima ulikuwa umeshika shoka. Jamaa za marehemu wanaweza kuisamehe, na Kurani inautaja msamaha huo kwa neno la sadaka, hivyo anayesamehewa diya amepewa sadaka na waliofiwa. Kafara, yaani kule kumwacha huru mtumwa au kufunga, haina wa kuisamehe. Dereva aliyegonga mtu usiku, ambaye askari wa usalama barabarani wamempima na kumwachia, hakimu hakumwona na kosa, na wafiwa wamempa mkono na kumwambia kuwa ni ajali, bado ana mfungo wake wa siku zinazokaribia 60, na akila mchana wa siku moja bila udhuru, hata ikiwa ni ya mwisho, anaanza tena kuhesabu tangu mwanzo.